Kengele Nyuma ya Kiti cha Abti

Ijulikane tangu mwanzo kwamba mimi, Amran, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo mwalimu mkuu amenisihi nisiitaje popote, sikuuanzisha ugomvi huu. Nilirudi Iftin, mtaa wetu wa Garissa, kwa likizo nikiwa na nia njema na sanduku la nguo chafu. Ugomvi niliukuta nyumbani, umeshakula na kushiba.

Ulihusu mlio. Gari la Abti Abdow, kaka yake mama, lilikuwa likigonga. Kila mtu alikubali kwamba kuna kitu kinagonga. Na kila mtu, isipokuwa mimi, alikubali kwamba kinachogonga ni kengele.

Kengele yenyewe ni ya mti, kubwa kama birika la chai, ya kufungwa shingoni mwa ngamia. Sisi tunaiita koor. Ndani yake mna ndimi mbili za mti, nyembamba kama vidole, na ngamia anapotembea ndimi hizo hugonga kuta za kengele na kumwambia mchungaji aliye mbali vichakani kwamba ngamia wake yupo, na anaelekea upande gani. Hii ilikuwa ya Adey, ngamia jike mweupe aliyeliongoza kundi la Abti. Ukame ulipokuja ulichukua kundi lote, na Adey akawa wa mwisho kuanguka. Abti alimvua kengele, akaja mjini, akapata gari kuukuu la kubebea maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji hadi sokoni, na siku ya kwanza kabisa akaifunga kengele kwa kamba nyuma ya kiti chake. Tangu hapo gari likitembea, Adey hulia. Abti husema hivyohivyo, "Adey analia," kana kwamba gari lina kwato.

Sasa, gari. Ni la zamani, la aina ile ambayo injini haiko mbele wala nyuma, iko chini ya kiti cha dereva. Ukitaka kuiona unainua kiti. Kwa hiyo Abti alikuwa na kengele nyuma ya mgongo na injini chini ya makalio, vyote viwili vikigonga, na yeye akisikia kimoja tu.

Mimi nilivisikia vyote aliponichukua stendi. Shule ya bweni hufundisha mambo mengi yasiyokuwemo kwenye mtaala, na mojawapo ni masikio. Taa za bwenini zikishazimwa, uhai wa mtu hutegemea kujua nyayo: hizi za mlinzi, hizi za matroni, hizi za naibu wa mwalimu mkuu, ambaye kiatu chake cha kushoto kina msumari. Asiyejua tofauti hukutwa katikati ya ukumbi amejifunika shuka akijifanya jini. Mimi sijawahi kukutwa. Naibu ana tuhuma tu.

Basi nilipoketi garini nilisikia nyayo za watu wawili. Mmoja alikuwa wa mti, ko, ko, kokoko, akitembea hovyo kwa kufuata mashimo ya barabara. Mwingine alikuwa wa chuma, mzito, na hakujali mashimo hata kidogo. Huyu alifuata mguu wa Abti. Abti akikanyaga mafuta, naye alikimbia. Abti akiachia ghafla, aligonga kwa nguvu, du-du-du-du, kisha akapunguza sauti kama mtu aliyekatizwa maneno.

"Abti," nilisema, "injini inagonga."

"Ni Adey."

"Adey anajuaje kwamba umeachia mafuta?"

Alinitazama kwa huzuni kubwa. "Abti," akaniita na yeye, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo moja, "huko shuleni hamfundishwi kumsalimu mtu kwanza, ndipo mmtukanie gari lake?"

Nilisalimu. Tulipofika nyumbani gari likiwa na joto, likinguruma polepole langoni, niliona kwenye dashibodi kibandiko cha "Mashallah" kilichobandikwa mahali pa ajabu, katikati ya saa na vijitaa. Nilikiinua pembe kwa ukucha. Chini yake taa nyekundu ya oili ilikuwa ikinikonyeza.

"Wacha hiyo," alisema Abti. "Inasumbua macho. Inawaka gari likisimama tu. Likienda, inazima. Kwa hiyo dawa yake ni kwenda."

Dawa yake ni kwenda. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani ya nyumba nzima wiki ile, kwa sababu hakuna aliyeweza kutulia. Ndugu zetu wa Bute, kule kaskazini, walikuwa wamekaa na kukubaliana kumpa Abti ngamia jike mchanga aanze naye upya, kama tunavyofanya kwetu mtu akipoteza kundi. Kundi la ndugu hao lingeletwa kisimani Ijumaa na kuondoka tena kufuata malisho. Kwa hiyo Abti alitaka kutoka Garissa Jumatano alfajiri pamoja na mama yake, yaani Ayeyo, nyanya yangu. Ayeyo alikuwa ameshaufunga mzigo wake, ameufungua kutafuta tasbihi, ameufunga, ameufungua tena kuhakikisha kwamba tasbihi imo. Aliketi juu ya mzigo, akainuka, akaenda mlangoni kutazama anga, akarudi. Abti alilizunguka gari, akapiga teke gurudumu hili, akapiga teke lile. Hata korongo waliokuwa juu ya mwarobaini wa jirani walikuwa wakibadilishana matawi bila kuridhika.

Nami nilikuwa na wasiwasi wangu. Nyuma ya jiko la shule yetu kuna injini kuukuu iliyotupwa, yenye tundu ubavuni linaloweza kuingiza mkono mpaka kiwiko. Sisi huficha mandazi humo. Dereva wa shule, Mzee Kulow, aliwahi kutukuta hapo, na badala ya kuturipoti alitupa somo. Alisema ndani ya injini kuna konrodi, mkono wa chuma unaoishika pistoni na kuizungusha krankshafti. Pale mkono unapoishika krankshafti pana beringi, vigamba viwili vyembamba vya madini laini vinavyoelea kwenye oili. Vigamba vikilika, mkono unapata nafasi ya kucheza, na kucheza huko ndiko kugonga. Ukiwahi, unabadilisha vigamba. Ukichelewa, mkono unakatika na kutokea ubavuni, na injini inakuwa kabati la mandazi.

Kutoka Garissa hadi Bute ni mbali, na sehemu kubwa ya njia ni jua na mchanga na vichaka visivyouza vipuri. Na gari lile lilikuwa kundi la pili la Abti. La tatu hakuwa nalo.

Nilisema, nikaambiwa nimezidi kusoma. Nilisema tena mbele ya wageni, nikatumwa maji. Mwishowe, Jumatatu, Abti alikubali kupitia kwa fundi, si kwa ajili ya mlio, bali ili aniaibishe.

Fundi Sadik ni Mborana wa Wajir, mwembamba, msemaji kuliko redio, na daima ana mswaki wa mti mdomoni. Yeye na Abti wakiwa gereji huzungumza Kiswahili, kila mtu chake. Abti, ambaye kwa Kisomali anaweza kumfanya kadhi alie, kwa Kiswahili huongea kama mtu anayebeba vyombo vya kuazima.

"Tapeti," alisema Sadik kabla hata kiti hakijainuliwa.

"Hujasikiliza," nikasema.

"Dada, mimi nasikiliza gari kabla haijapiga kona. Tapeti."

Aliinua kiti, akafungua kifuniko cha juu cha injini, akakaza tapeti, vile vijichuma vinavyosukuma vali, huku akitusimulia habari za harusi moja ya Wajir ambayo bwana harusi alikosea nyumba. Akafunga, akawasha. Ule mlio mwepesi wa juu, chaka-chaka wa cherehani, ulipungua kweli. Akasubiri gari lipate joto, akakanyaga, akaachia.

Du-du-du-du.

"Na huyo?" niliuliza.

Sadik alitazama nyuma ya kiti. "Hiyo ni kengele ya mzee."

"Unaona?" alisema Abti kwa furaha. "Fundi nasema mwenyewe."

"Gari limesimama. Kengele inapigwa na nani?"

"Gari natetemeka. Ikitetemeka, Adey nalia."

"Basi tuivue kengele kidogo tu, tusikie."

Sadik aliutoa mswaki mdomoni. Abti aliweka mkono juu ya kengele kama mtu anayefunika kichwa cha mtoto mvuani.

"Hii haifunguliwi," alisema. "Tangu nafunga hii, gari haijaniangusha hata siku moja. Amran, wewe funga mdomo. Maneno yako mingi."

"Profesa," Sadik akaniambia, "nenda kasome. Gari ya watu si maabara."

Ieleweke kwamba Sadik hunywa maziwa ya Abti kila asubuhi, na ni vigumu kubishana na mtu huku unakunywa maziwa yake. Niliwaacha wakipongezana. Njiani kurudi nyumbani yule wa chuma alitusindikiza hadi langoni.

Jumanne, Abti alipokwenda msikitini kwa sala ya Alfajiri, nilipata nafasi ya kutekeleza wajibu wangu wa kiraia. Niliingia garini. Nilifungua uzi wa ngozi ulioshikilia ndimi za kengele, nikazitoa zote mbili, nikazitia mfukoni mwa dira, gauni langu pana, nikaacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa, hata fundo la kamba. Kengele ilibaki imening'inia mahali pake, imeachama mdomo, haina la kusema. Nilirudi kitandani, nikalala usingizi wa watu wenye dhamiri safi.

Baadaye tulitoka, Abti kwenye usukani, mimi ubavuni pake, na Ayeyo nyuma, kwenda sokoni kutafuta sukari na majani ya chai ya kupeleka Bute. Mwanzoni injini ilikuwa baridi na mambo yalikuwa kimya. Abti aliligonga paja lake kwa vidole. Ayeyo aliuliza kama turubai limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Akauliza tena. Tulipopita maduka ya Iftin jua lilikuwa limeshakaza na injini imepata joto, na yule wa chuma akaamka.

Du-du-du.

"Sikia," alisema Abti, uso ukimchangamka. "Sikia Adey leo! Anajua kesho anakwenda kumwona mwenzake."

"Mashallah," alisema Ayeyo.

"Ana sauti nzuri kweli, Abti?"

"Nzuri? Hakuna kengele kama hii kuanzia hapa hadi Banissa. Niliichonga mwenyewe. Mtu akiniamsha usingizini nitamwambia ndiyo hii." Aliachia mafuta kumpisha mbuzi, na mlio ukajaa gari zima. "Sikia mti huo. Mti mkavu, uliokomaa."

"Mti kabisa?"

"Mtoto huyu! Kwani wewe unasikia nini?"

Nilitia mkono mfukoni, nikazitoa ndimi zote mbili, nikazilaza juu ya dashibodi mbele yake, kando ya kibandiko cha Mashallah.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya utetezi, yenye utangulizi. Hakuna aliyeiomba. Abti alizitazama ndimi, akatazama barabara, akazitazama tena. Alikanyaga, mlio ukakimbia. Aliachia, ukapiga. Alisogeza gari pembeni mwa barabara na kulisimamisha bila kulizima, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaviingiza vidole ndani ya kengele, polepole, kama mtu anayekagua mdomo wa ndama. Havikukuta kitu. Injini iliendelea kugonga chini yake. Akageuza ufunguo.

Kimya kilichofuata sikukipenda. Nilizoea vimya ambavyo mwishowe mtu hupiga kelele jina langu.

"Abdow," alisema Ayeyo kutoka nyuma. "Ngamia akikohoa gizani, kundi zima limelala, wewe ulikuwa unasema ni yupi."

"Ndiyo, hooyo," alimjibu mama yake.

"Hili umelisikia tangu lini?"

Abti aliutazama usukani. "Tangu Ramadhani."

Mimi nilifungua mdomo, na Ayeyo akanibana bega kwa nyuma hadi nikaufunga.

"Nilisema lifike Bute tu," Abti akaendelea. "Nikishapata yule ngamia, hata likifa, life."

"Na sisi tukiwa ndani?"

Abti alikuwa akiuzungusha ulimi mmoja wa kengele katikati ya vidole. "Adey naye nilimsikia," akasema. "Mwendo wa kengele ulibadilika. Alikuwa anaburuta mguu wa nyuma. Nilisikia wa kwanza, kabla ya wachungaji wote, nikasema ni upepo."

Punda wa mkokoteni alipita. Ayeyo aliinuka, akateremka, akaanza kusukuma gari peke yake, mama wa umri ule, na hapo sote tukaruka.

"Tusiliwashe," alisema Abti. "Tulisukume hadi kwa Sadik."

Wajuao joto la Garissa wataelewa ukubwa wa uamuzi huo. Vijana wa dukani walikuja kusaidia. Nunow, muuza maji mwenye ule mkokoteni wa punda, alitufuata pembeni akiwa ameketi kwa starehe juu ya madebe yake.

"Abdow! Ngamia wako leo amegoma?"

"Shuka usukume, wacha mdomo."

"Nitashukaje? Punda wangu atanicheka. Anakula nyasi tu, na hajawahi kusukumwa maishani!"

Ndivyo tulivyofika gereji, kwa jasho na kwa dhihaka. Sadik alitoka akiwa na kikombe cha maziwa.

"Nani amevua kengele?" aliuliza alipoona nyuso zetu.

"Hakuna mtu amevua," alisema Abti. "Imenyamaza. Washa, halafu wewe pia nyamaza."

Sadik alinitazama. Nilitazama korongo waliokuwa wakipita angani.

Injini iliwashwa. Abti alichomoa fimbo yake ya kuchungia iliyokuwa imelala kando ya kiti, fimbo nyembamba iliyolainishwa na viganja, akatandaza gunia na kuingia chini ya gari kwa mgongo.

"Mzee, hiyo ni ya ngamia," alisema Sadik.

"Nimesema nini?"

Niliinama kuchungulia. Alikuwa ameweka ncha moja ya fimbo kwenye ubavu wa injini na ncha nyingine sikioni, amefumba macho. Aliisogeza fimbo juu. "Huku mwepesi. Tapeti. Hii ulifunga vizuri," akasema. Aliishusha chini, karibu na sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, akaanza mwisho mmoja wa injini na kusogea kidogo kidogo, akisimama kila mahali, akirudi nyuma, akiendelea. Vijana waliokuwa wamesukuma waliacha kupiga soga. Kisha aliiondoa fimbo sikioni ghafla, kama imemuuma.

"Ya tatu," alisema.

"Ngoja," alisema Sadik. "Hatutibu kwa fimbo hapa." Lakini alikuwa ameshautupa mswaki. Aliinua kiti, akachukua koleo yenye mpini wa mpira, akavuta waya wa plagi ya kwanza. Injini iliyumba, na mlio ukabaki vilevile. Akaurudisha, akavuta wa pili. Vilevile. Akavuta wa tatu.

Injini iliyumba kama mlevi, lakini kule chini mlio ukafifia, ukawa kama wa mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Sadik akaurudisha waya. Du-du-du. Akauvuta. Kimya. Akaurudisha, akajaribu wa nne kwa ajili ya haki tu, na yule wa chuma akaendelea kugonga bila aibu.

"Ni ya tatu," alitangaza Sadik kwa sauti ya mvumbuzi. "Pistoni haisukumi, mkono haubebi mzigo, mlio unapungua. Beringi ya konrodi ya tatu."

"Nimesema," ilisema sauti ya Abti kutoka chini.

Walizima, wakamwaga oili kwenye karai. Sadik alilivuta karai juani na kulitikisa, na ndani ya ule weusi tukaona vumbi likimetameta, laini, kama poda ya bi harusi. Ayeyo alisema, "Subhanallah, linapendeza." Jioni sampu ilikuwa imeshushwa. Sadik aliishika konrodi ya tatu kwa mkono, akaisukuma juu na kuivuta chini. Tok. Akamwambia Abti ashike. Abti alishika. Tok, tok. Aliendelea kufanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Vigamba vilipotolewa vilikuwa vimelika weupe wote, rangi ya shaba imejitokeza, na kimoja kilikuwa chembamba mpaka Sadik alikikunja kwa kidole gumba.

"Modogashe mngefika," alisema, mara hii bila masihara. "Habaswein, labda. Bute mngefika kwa miguu." Aliipapasa krankshafti kwa ukucha. "Hii imekwaruzika, lakini inachongeka. Naituma ichongwe, tunaweka beringi mpya za size hiyo. Siku kadhaa. Gari litapona."

Abti alikaa chini kwenye gunia. Nilidhani atalia, kumbe alikuwa anacheka, kwa namna isiyo na sauti, huku akiupangusa uso kwa mkono wenye oili.

Kwa hiyo yeye na Ayeyo wakapanda basi. Stendi alikuwa haketi, hasimami, anahesabu mizigo, anauliza saa. Kengele ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki kifuani kwake. Basi lilipoanza kunguruma alininyoshea ile fimbo kupitia dirishani.

"Kaa na gari. Lisikilize, na utazame kila kitu fundi anachofanya. Sadik akisema tapeti, mpige."

"Nimesikia!" alisema Sadik, aliyekuwa amekuja kuaga.

Basi lilikuwa limeshapotelea kwenye vumbi nilipotia mkono mfukoni mwa dira na kukuta ndimi mbili za mti. Abti alikuwa amenirudishia zote mbili garini, nimshikie wakati wa kusukuma, na sote tulikuwa tumesahau. Hapa wanaonijua watasema nilifanya makusudi. Naibu wa mwalimu mkuu angesema hivyo hata kabla ya kusomewa shtaka. Inaumiza sana kutuhumiwa kwa hila nzuri namna hiyo wakati hukuifikiria.

Nilimpigia. Simu haikupatikana. Nikapiga tena, ikaniambia vilevile kwa upole. Siku zilizofuata nilikuwa kama Ayeyo na mzigo wake: gereji, nyumbani, gereji. Niliikagua sampu tupu. Kwa fimbo nilisikiliza kila chuma kilichokuwepo, pamoja na friji ya mama. Ijumaa ikapita bila neno. Jumamosi mchana simu ikalia.

"Amran."

"Abti! Umempata?"

"Nimempata. Kijivu, ana miguu mirefu na kiburi kingi. Nimemfunga kengele mbele ya wazee wote, mmoja ameomba dua, nikamwachia atembee. Akatembea. Kengele kimya. Wazee wakanitazama."

"Pole, Abti."

"Wapo wanaosema ngamia huyu ni jini. Ndimi ziko wapi?"

"Ziko salama."

"Salama," alirudia. Nilisikia Ayeyo akicheka kwa mbali. "Nimechonga nyingine, mti wa huku. Ngoja." Simu ilikwaruza, upepo ukaingia, kisha nikasikia: ke, ke-ke, ke. Mwepesi, wa haraka, kama mtu anayetembea na viatu vipya.

"Si Adey," nilisema.

"Siye. Itabidi nimzoee."

Krankshafti ilirudi ikiwa inang'aa kama kijiko. Sadik aliweka vigamba vipya akiwa kimya kabisa, jambo lililowatia hofu majirani, akapaka oili, akafunga, akajaza, akaosha mikono. Nilimpigia Abti, nikaweka simu kwenye kipaza sauti, kando ya injini, chini ya kiti kilichoinuliwa. Kibandiko cha Mashallah nilikuwa nimekihamishia mlangoni, mahali panapokistahili.

"Washa," ilisema simu.

Sadik aliwasha. Taa nyekundu iliwaka, ikazima, ikabaki imezima.

"Wacha ipate joto."

Tuliacha. Sadik alitafuna mswaki mpaka ukawa nyuzi. Vijana wa gereji walisogea. Nunow alisimamisha punda. Upande wa pili wa simu kulisikika ngamia akinung'unika na mtu akimnyamazisha.

"Kanyaga," ilisema simu. Sadik alikanyaga. "Achia."

Injini ilishuka taratibu, mfululizo, bila kujikwaa. Yule wa chuma hakuwepo.

"Tena."

Sadik alikanyaga, akaachia. Hakuna. Kila mtu alikuwa ameinamia simu akingoja hukumu, na kilikuwa kimya kizuri, cha heshima, na mimi nilikuwa na ulimi wa mti mkononi. Sijui nieleze vipi. Kulikuwa na chuma cha fremu ya kiti karibu na goti langu. Sadik alipokanyaga mara ya tatu, nikagonga kwa mwendo wa mguu wake. Alipoachia, nikaongeza nguvu.

Ko-ko-ko-ko.

Sadik alibadilika rangi. "Wallahi nilifunga!" alipiga kelele, mkono ukirukia ufunguo. "Wallahi nilikaza zote! Mzee, mimi—"

"Usizime," ilisema simu.

Sadik aliganda. Nami niliendelea kugonga, taratibu, uso wangu ukiwa wa mtu aliye kwenye maombolezo. Kule Bute Abti alikuwa anasikiliza. Nilisikia hata pumzi yake.

"Amran."

"Naam, Abti."

"Huo ni mti."

Niliacha kugonga.

"Ni mti wa Adey," alisema. "Ulimi wa kushoto. Ule wenye ufa."

Niliugeuza mkononi. Ulikuwa na ufa.